Gobore la Desemba huko Kentucky: msitu wa umma au shamba la mtu?

Msimu wa mwisho wa kuwinda kulungu kwa gobore katika jimbo la Kentucky, Marekani, huanza Jumamosi ya pili ya Desemba na kwenda siku 9. Kwa mkazi wa Lexington au Louisville anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, siku 9 hizo ni 4 tu: Jumamosi mbili na Jumapili mbili. Katikati ya wiki hakuna cha kuokoa. Jua la Lexington mwezi huo huchomoza karibu saa 1:45 asubuhi na kuzama karibu saa 11:20 jioni. Sheria inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na wengi hutoka kazini giza likiwa limeshaingia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi utazikaa siku hizo nne. Ukishaijua ardhi, bunduki hujichagua yenyewe. Wanaoanzia dukani ndio hujikuta na darubini ya kufikia yadi 200 ndani ya kichaka ambacho hata yadi 40 hazionekani.

Msomaji wa Tanzania akisikia "gobore" huona bunduki ya fundi wa kijijini na kesi ya ujangili. Hapa tunazungumzia silaha ya kiwandani inayoshindiliwa kwa mdomoni, baruti kwanza kisha risasi moja, yenye leseni na msimu wake. Na kulungu tunayemsema ni yule wa Marekani mwenye mkia mweupe, si kulungu wa kwetu ambaye ni ndugu wa tandala na pofu. Tofauti yao moja ina uzito mkubwa majira haya: dume wa Marekani hudondosha pembe kila mwaka, wengine mapema Desemba, wengi Januari na kuendelea. Tutalirudia hilo.

Ardhi ilivyo

Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za Kentucky ni mali ya watu binafsi. Hiyo haina maana kwamba ardhi ya umma ni haba kwa mtu mmoja mwenye miguu. Msitu wa Taifa wa Daniel Boone, upande wa mashariki, una zaidi ya ekari 708,000 zilizotapakaa katika kaunti 21. Land Between the Lakes, kule magharibi, ni kama ekari 170,000, ila inadai kibali chake juu ya leseni ya jimbo. Peabody, ardhi ya zamani ya machimbo ya makaa ya mawe, nayo ina kibali chake. Maeneo kadhaa ya hifadhi ya jimbo huruhusu bunduki kwa waliobahatika kwenye kura tu, na maombi ya kura hupokelewa Septemba. Anayekumbuka Desemba ameshachelewa.

Ukubwa usikudanganye, lakini. Milima ya mashariki ina kulungu wachache kwa kila ekari kuliko kaunti za mashamba za katikati na kaskazini. Jimbo limegawa kaunti zake katika kanda nne: kanda ya 1 ina ruhusa pana zaidi, ya 4 ina masharti makali zaidi, hasa juu ya majike. Sehemu kubwa ya Daniel Boone imo katika kanda hizo za masharti. Mtu anayetaka nyama ya friza, na asiyejali pembe, aisome kanda ya kaunti kabla ya kupaki gari. Dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwindaji kwa msimu mzima, jimbo zima. Aliyempata Novemba amebakiwa na wasio na pembe, na kanda ndiyo itakayomwambia kama safari ya mlimani ina faida.

Shamba la mtu ni hesabu nyingine. Ruhusa ya mwenyewe ni lazima, ya mdomo au ya maandishi. Ichukue ya maandishi hata kama sheria haikulazimishi: jina lake, jina lako, tarehe, namba ya gari. Wenye mashamba wengi huogopa kushtakiwa mgeni akianguka kutoka mtini, na hapo inafaa kujua kwamba sheria ya Kentucky inamlinda mwenye ardhi anayemruhusu mtu kuwinda bila malipo. Ukitoa fedha ya kukodi, kinga hiyo haisimami vilevile. Ndiyo maana mkulima fulani hukubali kuletewa paja la nyama na kukataa bahasha.

Wakati mzuri wa kuomba ni baada ya msimu mkubwa wa bunduki wa Novemba kumalizika. Wajomba na wakwe wa mwenye shamba wameshawinda, wamechoka, na kulungu bado wanamlia ngano yake ya baridi. Desemba pia ndio mwezi wa kuambua majani ya tumbaku, kwa hiyo mkulima wa tumbaku utamkuta ghalani mchana, si shambani. Mashamba ya farasi ya pembezoni mwa Lexington huwa magumu kufunguka. Jaribu ya ng'ombe, mahindi na soya, mwendo wa dakika 40 au zaidi nje ya mji.

Kulungu wa Desemba anataka nini

Msimu wa kupandana umepita. Dume aliyekimbia wiki tatu bila kula sawasawa amepungua mwili, na jike ana mimba changa. Wote wanatafuta mambo mawili: chakula chenye nguvu na mahali pa kulala pasipo na upepo. Baridi ikikaza hukaa vichakani muda mrefu na kutoka mchana wa mwisho, saa 9 alasiri hadi giza. Siku moja kabla ya theluji na siku mbili baada yake ndizo za kuombea.

Kwenye shamba, chakula kinaonekana kwa macho: punje zilizoachwa na mashine ya kuvunia mahindi, soya iliyosimama kama ipo, ngano changa ya kijani. Kwenye msitu wa umma chakula kimejificha, na hapa ndipo wengi hupotezea siku mbili kati ya nne. Matunda ya mwaloni mweupe huwa yameshaliwa, kwa kuwa ni matamu na huanguka kwanza. Yanayobaki ni ya mwaloni mwekundu, machungu zaidi, ambayo kulungu huyakubali mengine yakiisha. Fukua majani kwa mguu. Ukikuta tunda zima lisilotobolewa na wadudu, na kinyesi kibichi chenye kung'aa, umefika. Ukikuta maganda tu, ondoka. Hata yale mabonde yenye miti ya kutambaa inayobaki na majani ya kijani wakati wa baridi yana thamani kuliko mlima mzuri wa mialoni ulioisha.

Kulala kwao ni kwenye miteremko inayotazama kusini, inapopata jua, na ndani ya mierezi minene. Hilo halibadiliki iwe umma au binafsi.

Siku nne kwenye msitu wa umma

Kulungu wa ardhi ya umma amepigiwa kelele tangu Septemba: mishale, kisha gobore la Oktoba, kisha bunduki za Novemba. Kufika Desemba ameshajifunza maegesho yako wapi na njia za wawindaji zinapita wapi. Watu husema nenda mbali, kilomita tatu ndani. Ni ushauri nusu. Wengine hujificha kwenye kichaka cha ekari tano mita 150 kutoka maegesho, kwa sababu kila mtu anakipita gizani akienda mbali. Sehemu iliyokatwa miti miaka mitano hadi kumi iliyopita, yenye vichipukizi vinavyokufika kifuani, ina kulungu wengi kuliko msitu mkubwa wa wazi.

Mbinu inayolipa zaidi, kwa maoni yetu, ni mpaka. Msitu wa Daniel Boone una mabaka mengi ya watu binafsi ndani yake. Kulungu hulala upande wa umma na jioni huvuka kwenda kula shambani kwa mtu. Kwenye shamba hilo atafika giza limeingia. Wewe kaa upande wa umma, mita 100 hadi 200 nyuma ya mpaka, kwenye njia aliyoikanyaga, na atakupitia dakika 30 kabla. Programu ya ramani yenye mistari ya mipaka ni ya lazima hapa. Ipakue ramani nyumbani, kwa kuwa mtandao mabondeni hakuna, na weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili: betri ya simu iliyokaa kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri hufa bila kuaga.

Upepo na njia ya kuingilia ni tatizo jingine. Asubuhi kulungu anarudi kichakani kutoka kula. Ukiingia gizani unamkanyagia njia yake mwenyewe. Kama hujui vizuri mahali, acha asubuhi, tumia muda huo kutembea taratibu kando ya miteremko ya kusini, kisha kaa kuanzia saa 7 mchana. Majani yaliyoganda hupiga kelele kama chipsi. Theluji laini au mvua ya jana ndiyo siku ya kunyemelea.

Dungu la kukalia mtini linaruhusiwa, lakini kwenye hifadhi za jimbo misumari na vipandio vya kuskrubu ni marufuku, na dungu haliachwi mtini msimu mzima. Kuna muda wa kuliweka na muda wa kuliondoa. Chambo cha mahindi nacho ni marufuku kwenye hifadhi hizo. Utakuwa pia na majirani: wawindaji wa sungura na mbwa wao wana haki kama yako, na mbwa wakipita hapo jioni imekwisha. Wakati mwingine huwa neema, wakikuamshia kulungu aliyelala. Usipange hivyo, ila usifungashe virago mara moja.

Kisha kuna uzito. Jike aliyetolewa matumbo ana kilo 40 hadi 50. Kumvuta kilomita moja na nusu kupanda mlima, peke yako, ni saa tatu. Sahani ya plastiki ya kuvutia mizigo kwenye theluji hupunguza kazi karibu nusu, hata pasipo theluji.

Siku nne kwenye shamba la mtu

Hapa faida ni utulivu na hasara ni udogo. Piga hesabu: shamba la mraba la ekari 40 lina upande wa mita 400. Ukikaa katikati kabisa, uzio uko mita 200 kila upande. Kulungu aliyepigwa vizuri mapafuni hukimbia mita 50 hadi 120 kabla ya kuanguka, na aliyepigwa nyuma kidogo huenda mbali zaidi. Ukikaa pembeni, kwenye kona ya shamba ambako njia ya kulungu inaingilia, mnyama wako ataangukia kwa jirani. Huwezi kumfuata bila ruhusa ya jirani, hata kama unamwona. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza, gonga mlango wa jirani pia, si kuomba kuwinda, bali kuomba ruhusa ya kufuata damu. Wengi hukubali hilo.

Udogo huo una adhabu nyingine. Shamba dogo lina mahali pamoja pazuri, na ukipakalia jioni tatu mfululizo umepaharibu. Kosa kubwa halitokei ukiwa umekaa. Hutokea ukitoka: giza limeingia, kulungu 12 wako mbele yako kwenye mabua, na wewe unashuka kwenye dungu na kuwatimua wote. Kesho watakuja saa mbili usiku. Dawa yake ni kumwomba mwenye shamba, au mwenzako, aje na trekta au pikapu mpaka karibu na dungu. Kulungu wamelizoea trekta; watasogea pembeni bila hofu, utapanda, na hawatajua kulikuwa na mtu. Kama hakuna wa kuja, kaa mbali na shamba, ndani ya miti mita 80, uwaotee wakiwa njiani.

Chambo kinaruhusiwa kwenye ardhi binafsi Kentucky, isipokuwa katika kaunti zilizowekwa chini ya uangalizi wa ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ambao uligunduliwa jimboni kwa mara ya kwanza Desemba 2023 katika kaunti ya Ballard. Katika kaunti hizo pia hairuhusiwi kutoa nje mzoga mzima wala kichwa na uti wa mgongo. Nyama iliyotolewa mifupa inaruhusiwa. Hata mahali ambapo chambo ni halali, hatukipendi Desemba. Rundo la mahindi huwafundisha kulungu kuja usiku haraka kuliko kitu kingine chochote.

Na mwenye shamba ana masharti yake. Akisema majike tu, ni majike tu. Hapo ndipo pembe zilizodondoka na vitoto dume huleta aibu. Kulungu mdogo anayetangulia peke yake uwanjani, bila woga, mara nyingi ni dume wa miezi sita. Tazama kichwa kwa darubini: jike ana utosi wa mviringo kati ya masikio, dume mdogo ana bapa lenye vinundu viwili. Subiri wawepo wawili watatu pamoja, ulinganishe urefu, upige mkubwa mwenye pua ndefu.

Ardhi ikishajulikana, gobore gani?

Msituni utapiga yadi 30 hadi 70. Yadi moja ni pungufu kidogo ya mita, kwa hiyo usisumbuke na hesabu. Gobore la zamani lenye nyundo ubavuni, kipenyo cha inchi .50, linatosha kabisa. Risasi ya duara ya .490 iliyovikwa kitambaa kinene cha inchi .015 na kupakwa mafuta, juu ya baruti nyeusi ya daraja la FFg greni (kipimo kidogo cha baruti na risasi) 70 hadi 90 kwa kipimo cha ujazo. Mtutu wake unatakiwa uwe na mifereji inayozunguka taratibu, mara moja kila inchi 48 au hata 66. Risasi hiyo ina greni 177 tu na hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake kabla ya yadi 100. Weka mpaka wako yadi 75 na usiuvuke kwa tamaa. Shabaha ya kawaida ya chuma, isiyo na darubini, huko kichakani ni faida: hakuna kioo cha kuingiwa na ukungu wala theluji.

Shambani utapiga yadi 80 hadi 150, kwenye mwanga wa mwisho, na kulungu wengine wakiangalia. Hapo gobore la kisasa, ambalo fataki yake, yaani kidude kinachowasha baruti, imekaa nyuma ya mtutu moja kwa moja na baruti, linastahili bei yake. La kuanzia huwa dola 300 hadi 400, bila darubini. Mtutu wake huzungusha mara moja kila inchi 28, na umetengenezwa kwa risasi ndefu ya greni 250 hadi 300 iliyovishwa kikombe cha plastiki. Baruti greni 100 kwa ujazo inatosha. Kitabu kinaweza kuruhusu 150, lakini zile 50 za juu hununua teke la bega na moshi zaidi kuliko umbali. Ukilenga shabaha ikae sawa yadi 100, risasi ya aina hii hushuka inchi 5 hadi 7 kwenye yadi 150. Kwa kulungu hiyo ni tofauti ya pafu na mguu, kwa hiyo ijaribu kwenye karatasi, usiisome kwenye boksi.

Gumegume, ile inayowashwa na jiwe, ni ya kichakani tu na ya mtu mwenye subira. Kisahani hujazwa baruti laini ya FFFFg nusu tu, isizibe tundu la moto, na siku ya unyevu hubadilishwa kila saa. Kentucky hakuna anayekulazimisha. Pennsylvania ndiko msimu wa baada ya Krismasi, unaoanza Desemba 26, ni wa gumegume peke yake, bila darubini. Utamaduni huo ulianza 1974. Anayehamia huko na gobore lake la kisasa ataliacha nyumbani. Nebraska kwa upande wake hutoa Desemba nzima kwa gobore. Sheria ya jimbo inaamua kabla ya pochi.

Jambo moja halina ulinganisho: baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kawaida, haiingii kwenye gobore lolote ambalo mtengenezaji hakuandika wazi kwamba linaistahimili. Mtutu hupasuka, na mkono wa kushoto ndio uko jirani.

Baridi inavyoharibu mlio

Gobore likigoma Desemba, sababu mara nyingi ni unyevu au mafuta, na vyote viwili huanzia nyumbani. Bunduki yenye baridi ikiingizwa sebuleni hutoka jasho ndani ya mtutu, baruti ikalowa chini kabisa ambako huoni. Iache nje ya joto: kwenye baraza lililofungwa au kwenye buti ya gari, fataki ikiwa imeondolewa. Majimbo mengi huhesabu gobore lisilo na fataki kuwa halikushindiliwa kwa ajili ya usafiri, lakini soma la jimbo lako.

Mafuta ya kuzuia kutu huganda na kujikusanya kwenye njia ya moto. Kabla ya kushindilia asubuhi ya kwanza, pitisha kitambaa kikavu mara mbili, kisha weka fataki mtutu ukiwa mtupu na kitambaa kikiwa ndani hadi mwisho, ufyatue. Kitoe kitambaa. Kikiwa na alama nyeusi ya kuungua katikati, njia iko wazi. Kikiwa kisafi, kuna kilichoziba.

Kisha mimina baruti iliyopimwa, gonga mtutu kwa kiganja, anzisha risasi kwa kipande kifupi na ishindilie kwa mdeki kwa mkandamizo uleule kila mara. Vikombe vya plastiki hukakamaa kwenye baridi kali na kukataa kuingia. Viweke mfukoni karibu na mwili. Usikubali risasi iliyokwama nusu njia. Nafasi tupu kati ya risasi na baruti hutanua mtutu kama pete, na siku mbaya huupasua. Ndiyo sababu mdeki unachorwa alama mbili kwa kisu au rangi: moja ya mtutu mtupu, moja ya ulioshindiliwa vizuri. Mstari ukisimama juu ya mdomo hata kwa nusu inchi, hakuna kufyatua. Mwisho, ziba mdomo kwa kipande cha utepe wa umeme dhidi ya theluji. Hewa inayotangulia risasi huutoa.

Kwa baruti, ukichagua Blackhorn 209 utapata uchafu mdogo na kushindilia tena kwa urahisi, lakini inataka fataki ya 209 yenye nguvu, ile ya bunduki ya marisau, si ile dhaifu iliyoandikwa ya gobore. Pia hujaza kaboni kwenye njia ya moto. Kipande cha keekee cha inchi 1/8 kikizungushwa kwa vidole kila baada ya siku ya mazoezi huisafisha. Triple Seven huwaka kwa urahisi lakini huacha pete ngumu pale risasi ilipokaa, na ina nguvu kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo punguza kipimo kama asilimia 15. Vidonge vya Pyrodex ni rahisi kwa mikono iliyokufa ganzi, ila upande wenye rangi nyeusi uelekee kwenye fataki. Ukiugeuza huchelewa kuwaka au hauwaki.

Nyundo ikianguka na mlio usije, mtutu ubaki ukielekea kule kule kwa dakika nzima. Nyingine huwaka baada ya sekunde kadhaa.

Moshi ukitanda

Jioni isiyo na upepo moshi wa baruti hukaa mbele yako kama pazia na hutamwona kulungu alikokwenda. Kabla ya kufyatua chagua mti au jiwe aliposimama. Sikiliza. Kisha shindilia tena kabla ya kushuka, kwa mikono inayotetemeka na bila kuruka hatua. Subiri nusu saa. Risasi ya duara mara nyingi haitoki upande wa pili, damu huwa chache mwanzoni, na watu huacha kufuata mapema mno. Nywele nyeupe na uchafu wa kijani ni tumbo: mpe saa nne au zaidi, baridi itaitunza nyama. Shambani usiku huo utapata usingizi kama jirani alishakubali. Msituni utamfuata hata akivuka bonde, isipokuwa kwenye yale mabaka ya watu.

Andika kwenye kumbukumbu yako ya mawindo kabla ya kumsogeza, na umripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa 6 usiku, kabla ya kumchuna. Wote wa umma na binafsi wanapaswa kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni. Kuna wanaodhani shamba la mtu linawasamehe; haliwasamehi. Na aliyezaliwa Januari 1, 1975 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Nani aende wapi

Mwenye siku nne za wikendi, mgeni wa uwindaji, anayetaka nyama: shamba, hata la ekari 30, katika kaunti ya kanda ya 1 au 2, na gobore la kisasa lenye darubini ndogo ya kukuza mara 2 hadi 7. Jioni nne, mahali pawili tofauti, asubuhi alale. Anayekwenda na mtoto au mzee pia. Kibanda cha kitambaa pembeni ya soya kina kiti na jiko la gesi, mlima hauna.

Mwenye zamu ya usiku au ruhusa ya wiki nzima yuko katika hali nyingine kabisa. Jumanne na Jumatano za msimu huu Daniel Boone huwa kimya, unaweza kupiga hema msituni, na theluji ikianguka Jumatatu una alama mbichi za nyayo ambazo hakuna aliyezikanyaga. Huyo achukue gobore la nyundo, atembee, apuuze mashamba. Watu wawili watatu wanaoaminiana wanaweza pia kusukuma kichaka taratibu: mmoja atembee na upepo mgongoni, wengine wakae kwenye mitoko, kila mtu ajue mwenzake yuko wapi na upande gani haupigwi. Kwa risasi moja moja, sukuma ekari tano, si hamsini.

Anayetaka dume mkubwa afikirie shamba lililokataa wawindaji Novemba nzima, au kona ya umma inayopakana nalo. Na asiyejuana na mkulima hata mmoja afanye mawili kwa mpigo: mwaka huu akae mpakani upande wa umma, na mchana mmoja katika hizo nne aufunge mtutu, avue rangi ya chungwa, aende kwenye ghala la tumbaku la upande wa pili wa uzio aulize kama wanahitaji mtu wa kusaidia kuambua.